Maji ya Usiku

Kwetu mtu akisifiwa sana, ujue kuna kazi ambayo wengine hawaitaki. Nimelijua hilo kwa kuolewa. Mume wangu Zuberi alisifiwa miaka mingi kwamba halali usiku, na simkumbuki hata mmoja katika wale waliomsifu aliyewahi kumwambia, "Leo kalale, nitakushikia zamu."

Shamba letu liko chini ya mteremko, upande wa juu wa Mlalo. Tunalima karoti, kabichi na maharage, kama wenzetu wote. Maji yanatoka msituni kwa mfereji uliochimbwa na mababu, na zamani yakifika kijijini yalilala kwanza ndani ya ndiva, yaani bwawa la mawe na udongo lililojengwa pale juu. Usiku ndiva inajaa, asubuhi mtu anazibua, mashamba yanakunywa mchana, na watu wanalala vitandani mwao kama binadamu. Ndivyo walivyopanga waliotutangulia, na hawakuwa wajinga.

Mwaka mmoja wa mvua kubwa ukuta wa ndiva ukaingia ufa. Ulikuwa mwembamba, ungeuziba kwa kikapu kimoja cha udongo. Usipoziba ufa utajenga ukuta: methali hiyo kila mtu kwetu anaijua, hata watoto wa darasa la kwanza wanaikariri. Basi tuliikariri mpaka ukuta ukaenda na maji. Tangu hapo maji ya usiku hayakuwa na pa kuhifadhiwa. Yanapita tu, na shamba linaloyataka lazima liwe na mtu wa kukesha na jembe, afungue hapa, azibe pale, apande na kushuka gizani hadi alfajiri.

Familia za chini tukagawiwa usiku. Mwanzoni kila nyumba ilitoa mtu wake. Baadaye huyu akasema mgongo, yule akasema mke kajifungua, na mwingine akasema kweli tupu kwamba ni usingizi. Mmoja mmoja wakamwendea Zuberi. "Wewe si uko macho tu? Nipitishie na yangu." Naye akawapitishia. Kwa shukrani walimwachia sehemu ya maji yao, na wakampa jina. Wakamwita Zumbe wa Usiku. Zumbe kwa Kishambaa ni mtawala, mkubwa wa nchi, na mume wangu, mtoto wa mtu aliyekufa bila hata mbuzi wa kamba moja, alilipenda jina hilo pengine kuliko alivyonipenda mimi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wa kwangu aliposifiwa alijitia majini mwenyewe.

Kiangazi chote alikuwa nje. Akishasali isha anavaa koti na mabuti ya mpira, anachukua tochi na chupa ya chai, huyo. Chai yenyewe ni ya rangi, tamu mpaka inanata midomoni, maana bila sukari, alisema, macho hayasimami. Akirudi alfajiri anasali, anajinyoosha kidogo, na jua likichomoza tu yuko shambani na sisi. Mvua zikirudi, kazi hiyo inakoma, lakini usingizi haurudi. Namsikia anageuka, anaketi, anakwenda kuchungulia mlangoni kama mtu aliyeitwa. Mwili wake ulikuwa umesahau kulala, nao ulikuwa bado mwili wa mtu asiye mzee.

Halafu akaota kitambi. Miguu inakonda, tumbo linakuja mbele. Watu wakacheka, "Zumbe anashiba maji yetu!" Naye akacheka nao. Mimi nilikuwa naona mengine. Alikunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Alikwenda chooni mara kwa mara. Anamaliza sahani ya makande, kabla sijaosha sufuria anauliza kama kuna kiazi kimebaki. Nilimsumbua mpaka akakubali twende zahanati, na alikubali kwa sharti kwamba tuseme tunakwenda sokoni.

Muuguzi aliyetupokea anaitwa Yusta, binti mdogo kuliko sisi. "Shikamoo baba, shikamoo mama." Akamtoboa Zuberi kidole, akatazama kile kimashine, akamtoboa kingine.

"Baba, una sukari. Na iko juu sana. Presha pia imepanda."

"Mimi?" Zuberi alimtazama kama anatukanwa. "Ugonjwa wa watu wenye magari?"

Yusta hakubishana. Aliuliza habari za chakula, akauliza habari za ukoo, kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea. "Na kulala, baba? Unalala vipi?"

Nikaangua kicheko, si cha furaha. Nikamweleza yote, ndiva, mfereji na chupa ya chai. Zuberi ananikanyaga mguu chini ya meza na mimi naendelea.

"Sikiliza, baba," Yusta alisema. "Mtu akikosa usingizi siku nyingi, mwili unadhani uko vitani. Unaimwaga sukari kwenye damu ili uwe tayari kukimbia. Kuna kitu mwilini chenye kazi ya kuiondoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye nyama, ndipo upate nguvu. Mwili uliochoka unaacha kukisikiliza. Halafu unaona njaa hata ukishiba, na njaa hiyo inataka vitamu. Ndiyo chai yako hiyo."

"Kwa hiyo ni maji ndiyo yameniletea?"

"Siwezi kusema ni kukesha peke yake. Yako mengi. Ila nikikupa hivi vidonge na wewe ukaendelea kukesha, tutakuwa tunachota maji kwa kikapu. Lala, baba. Na miguu yako uitazame kila siku, kwa sababu sukari inakula hisia za miguu."

"Miguu yangu haina neno," alisema Zuberi, akaweka vidonge mfukoni.

Njiani tulipatana. Nilimwambia kama usiku hawezi kuuacha, basi akirudi alfajiri alale mpaka adhuhuri, shamba aniachie mimi na Amiri, mwanetu wa pekee, ambaye alikuwa kijana mkubwa sasa mwenye mabega. Akaitikia. Chai tukaiondolea sukari. Nilirudi nyumbani na moyo mweupe, nikidhani kazi imekwisha, kumbe sikuwa nimewakumbuka watu.

Maana kwetu mwanamume akikutwa kitandani mchana, ama anaumwa ama kalewa. Zuberi hakuwa mlevi, na kuumwa hakutaka kujulikane. Na kila asubuhi kulikuwa na mtu mlangoni. Huyu maji yake hayakufika, yule jirani kamzibia, mwingine anataka tu kumsalimu Zumbe. Niligeuka askari wa mlango. Siku moja akaja Mzee Kornelio, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji.

"Hodi! Onga mshi, mama Amiri. Zumbe yupo?"

"Hayupo, mzee."

"Mabuti yake si haya hapa?"

"Ameondoka pekupeku."

Mzee Kornelio akayatazama mabuti, akanitazama mimi. Mara ndani kikasikika kikohozi, na Zuberi akatokea, macho mekundu kama pilipili, anafunga shati. "Karibu mzee, nilikuwa nasali." Saa tatu asubuhi! Hata shehe angemcheka. Wakaketi kuzungumza maji mpaka jua likawa kali, na usingizi wa siku hiyo ukaishia hapo. Nilimuuliza baadaye kwa nini alitoka. "Hadija," akanijibu, "watasema nimezeeka."

Nikaona basi, dawa ya jambo hili haiko kitandani kwangu, iko kule kwenye ufa. Mkutano wa maji ulipoitwa nilikwenda. Tulikutana darasani shuleni, wanaume mbele, wanawake nyuma, na mwenyekiti wa mfereji, Mbaraka, kwenye meza ya mwalimu. Niliomba kusema. Nikasema ndiva ijengwe, tufanye msaragambo kama zamani, kila nyumba itoe mtu na mawe, na mpaka itakapokwisha kila mwenye maji ya usiku akeshe mwenyewe. Mbaraka akauliza haraka hiyo imetoka wapi. Nikasema, "Mume wangu anaumwa. Ana ugonjwa unaozidishwa na kukesha kwa ajili yenu."

Mbaraka akamgeukia Zuberi, sauti ya upole kabisa. "Zumbe, eti unaumwa?"

Nilimwomba Mungu moyoni. Neno moja tu lingetosha. Zuberi akainuka, akajishikilia ukingo wa dawati, akatabasamu kwa watu wote. "Mimi nimemlalamikia nani? Wanawake wameumbwa na huruma. Maji yapo, na mimi nipo."

Wakampigia makofi. Nilimchukia siku ile, sitaficha. Nilitembea mbele yake hadi nyumbani bila kugeuka, na nilisikia pumzi yake nyuma yangu kwenye kilima, nzito, ya mtu anayebeba gunia.

Msaragambo ulitangazwa hata hivyo, Mbaraka hakutaka kuonekana mbaya. Walitokea watu wa kuhesabika kwa vidole. Zuberi alitokea. Alitoka majini, akapitiliza, akabeba mawe mpaka mchana. Waliobaki majumbani walikuwa na neno moja, nililisikia kisimani na nikalisikia dukani. Kwani kuna haraka gani, na Zumbe yupo? Mawe yale yaliachwa pale kando ya ndiva, na nyasi zikaota juu yake.

Mwishoni mwa kiangazi kilichofuata, asubuhi moja, alirudi akaketi kizingitini kuvua mabuti. Soksi ya kulia ilikuwa nyekundu. Nikadhani ni udongo. Nikashika, ni damu. Nililigeuza buti kichwa chini, kikaanguka kijiwe, kidogo kama punje ya hindi. Alikuwa amekikanyaga usiku kucha, akipanda na kushuka, na kimechimba chini ya kidole gumba mpaka nyama ya ndani.

Zuberi alikiokota, akakiweka kiganjani, akakitazama kwa muda mrefu. Sijawahi kumwona na uso ule. "Hadija," akasema, "mbona sikukisikia?"

Nilimwosha, nikamfunga, nikampeleka kwa Yusta. Yusta alisafisha kidonda akasema mambo mawili: mguu huo usikanyage maji, na mtu huyu apumzike la sivyo tutaupoteza mguu. Safari hii Zuberi alimsikiliza. Aliogopa, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba ameogopa. Akalala. Usiku wa kwanza alihangaika, wa pili akapata usingizi wa vipande, na wa tatu alilala mpaka jogoo wamechoka kuwika. Aliamka akaniomba uji, akaniuliza kama nilikuwa naimba. Sikuwa naimba, lakini ningeweza.

Huko mferejini, bila yeye, ilikuwa vita. Watu waliokuwa wamesahau hata njia ya maji yao walitokea na majembe gizani, wakazibiana, wakatukanana kwa Kishambaa na kwa Kiswahili. Mtu na binamu yake nusura wapasuane vichwa. Nilisema moyoni, vizuri, sasa watajenga. Hawakujenga. Walikuja kwetu, Mbaraka mbele, wengine nyuma yake, kofia mikononi.

"Zumbe, pole na mguu. Hatukutaka kukusumbua. Lakini karoti zinakauka, na watu wataumizana. Usiku mmoja tu utupangie."

"Mguu haukanyagi maji," nilisema. "Muuguzi amekataa."

"Si atasimama tu kando, shemeji? Atanyoosha kidole tu."

Nilimtazama Zuberi, nikaona uso wake umefunguka. Walikuwa wamekuja wote. Walikuwa wamemwita kwa jina lake. Alifunga mguu kwa mfuko wa nailoni, akauingiza ndani ya buti. Nilimshika koti pale mlangoni. Alinibandua vidole kimoja kimoja, taratibu, bila hasira, na akaondoka. Haukuwa usiku mmoja.

Sikio la kufa halisikii dawa, watu waliniambia baadaye, kunifariji. Sikio! Kana kwamba alijipigia hodi mwenyewe.

Kidonda kilipoanza kunuka tulimpeleka hospitali. Vidole vilikuwa vimegeuka rangi. Walimkata mguu chini ya goti, na daktari akatueleza, mimi na Amiri, kwamba sumu ilikuwa imekwisha kutangulia kwenye damu. Homa haikushuka. Siku zile alikuwa akiweweseka na kutoa amri, "Fungueni juu! Zibeni kwa Kornelio!" na Amiri akawa anamwitikia, "Ndiyo baba, nimeziba." Zuberi akafa akiniuliza kama maji yamefika.

Tukamrudisha nyumbani kwa gari la mbogamboga. Wakati wa mazishi nilikuwa ndani ya nyumba na wanawake, nimefunikwa kanga, nikawa natazama kwa dirisha. Kijiji kizima kilikuja. Waislamu walikuja, Walutheri walikuja, Wakatoliki wa Rangwi walikuja. Na kila mwanamume alikuwa na jembe au sululu begani. Sikujua kwamba tuna majembe mengi namna ile. Waligombea zamu ya kuchimba, huyu akitoka jasho yule ananyang'anya, na kaburi lilikuwa tayari kabla maiti haijaoshwa. Nilitaka kupiga kelele. Rukia, dada yake Zuberi, akanikumbatia akidhani ni msiba tu unanilemea, akaniambia, "Lia, wifi, lia." Nililia, lakini nililia kwa hasira.

Baada ya hitima Mbaraka alirudi na wenzake. Mimi niko eda, kwa hiyo walikaribishwa na Amiri sebuleni, na mimi nikawa chumbani nyuma ya pazia. Walisoma dua. Wakamtaja marehemu kwa mema. Kisha Mbaraka akakohoa.

"Mwanangu Amiri, msiba hauna adabu, lakini shamba nalo halingoji. Maji ya usiku ni ya nyumba hii. Hatuwezi kumpa mtu mwingine bila kuwauliza ninyi. Ingekuwa kumvunjia heshima marehemu."

Nilisikia kiti cha Amiri kikisogea. Alikuwa amesimama. "Nipo," akasema, na sauti yake ilikuwa ya baba yake kabisa. "Nitayapitisha mimi, kama baba."

"Damu haipotei!" mtu mmoja akasema. Mwingine akacheka kwa furaha, "Zumbe mdogo!" Wakaanza kumpiga mabegani, nikasikia vile viganja, pa, pa, pa.

Nikafunua pazia. Wazee wakainamisha macho, mwanamke wa eda hatokezi mbele ya wanaume, najua, nilifundishwa. Rukia akanivuta nguo kwa nyuma. "Maji hayo tumeyarudisha," nikasema. "Yenu mliyompa marehemu, na yetu ya usiku. Yote. Mgawane."

"Shemeji," Mbaraka alisema, akitazama mkeka, "bila maji ya usiku karoti zenu zitakufa."

"Zife."

"Mama!" Amiri alikuwa amesawijika. "Unanitia aibu mbele ya watu."

"Ndiyo," nilimwambia. "Nakutia."

Walivaa viatu vyao wakaondoka mmoja mmoja, na mimi nilijua wamempa pole Amiri pale nje kwa kuwa na mama wa namna hii, kwa sababu walichelewa kushuka njia. Amiri hakula siku ile. Baada ya isha nikamsikia anatafuta tochi, anavaa koti. Alikuwa amewaahidi. Pengine hapo nje walimwambia mwanamke aliyefiwa hajui anachosema.

Sikubishana naye. Nilichukua mkeka nikautandika kwenye kizingiti cha mlango, upande hadi upande, nikajilaza juu yake na kanga yangu. Kwetu mtoto hamruki mama yake aliyelala. Hata mwehu anajua kwamba hiyo ni laana. Amiri alikuja akasimama juu yangu na jembe mkononi.

"Mama, inuka."

Nilifumba macho.

"Mama, watu wananingoja."

Nilisikia maji yakipita nje, yanateremka bila mtu. Nilisikia akivuta pumzi ya kusema kitu kibaya, halafu hakukisema. Jembe likaanguka chini, mlango wa chumba chake ukabamizwa, na kitanda kikalia kwa uzito wake. Aligeuka, akageuka tena. Mwisho pumzi zikawa ndefu, za mtu mwenye afya, zinapanda na kushuka bila kukwama.

Alilala kwa hasira, lakini alilala. Mimi nilibaki macho mpaka alfajiri, maana akiamka lazima anikute pale. Na usiku uliofuata nikatandika tena.